Ampu Haikufa, Mmeizika Hai

Katika makala za muziki wa dansi zinazoandikwa siku hizi, amplifaya ya valvu imepewa kazi moja tu: kufa. Inawekwa pembeni mwa jukwaa, taa yake nyekundu inawaka, mzee anapiga solo, halafu katikati ya wimbo sauti inapotea na mwandishi anatuambia kwamba hapo ndipo zama zilipokwisha. Nimeshaikuta hiyo ampu mara nne, kwa waandishi wanne tofauti. Ya nne ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike, kwa sababu ile ampu naijua. Nimeifungua kwa mikono yangu. Ninavyoandika hapa iko chumbani kwangu, na inapiga.

Mwandishi mwenyewe ana kalamu nzuri, na simtaji jina kwa sababu ugomvi wangu si naye peke yake. Alikuja ukumbini Jumamosi moja, akasikia solo la mzee likififia mpaka likabaki kama redio ya jirani. Akamwona mzee anazipiga nyuzi kwa nguvu kama ana hasira nazo, akaona uzi mmoja ukikatika. Akaenda nyumbani akaandika. Kwake yeye ampu ilikuwa imechoka, mkono wa mzee ulikuwa umechoka, na vyote viwili vilikuwa vinatuaga kwa pamoja. Makala ikasambazwa, watu wakalia. Meneja wa bendi naye akaisoma. Wiki tatu baadaye mzee akaambiwa apumzike kwanza, na kijana mmoja mwenye kiboksi cha kidijitali akapewa nafasi yake.

Hivi kati ya watu wote waliolia, kuna hata mmoja aliyezunguka nyuma ya ampu akaangalia?

Nieleze kidogo ampu yenyewe ni ya aina gani, maana wengi wanaoziandikia mashairi hawajawahi kuiona ikiwa imefunguliwa. Ni ya Kiingereza, ya wati 50. Mbele ina valvu tatu ndogo za ECC83, nyuma ina mbili kubwa za EL34. Umeme ukiingia unapita kwenye transfoma nzito, unapandishwa hadi mamia ya volti, unanyooshwa, unatulizwa na kapasita kubwa. Sauti ya gitaa inaingia mbele ikiwa dhaifu mno, ECC83 zinaikuza, inapita kwenye vidhibiti vya besi na trebo, inafika kwenye EL34 zinazofanya kazi ya punda, halafu transfoma ya kutokea inaikabidhi kwa spika. Hakuna siri hapo. Ni mstari mmoja wenye vituo, kama daladala, na sauti ikipotea maana yake imeshushwa kituo fulani. Kazi ya fundi ni kujua kituo gani.

Lakini katika mji huu ampu ikipoteza sauti, neno la kwanza utakalosikia ni: badilisha valvu. Fundi atalisema, mpiga besi atalisema, hata muuza tiketi atalisema. Mimi naona sababu ni moja tu: valvu inaonekana. Inawaka, ina joto, inachomoka kwa mkono. Rezista iliyopasuka haiwaki. Lehemu iliyolegea haina rangi ya kuvutia. Basi lawama zote zinakwenda kwa yule anayeng'aa, kama ilivyo kawaida yetu ya kumtafuta mchawi: hatafutwi aliyefanya jambo, anatafutwa aliye tofauti na wengine.

Valvu hufa, sikatai. Ukiona ule upako wa fedha juu ya kioo umegeuka mweupe kama maziwa, hewa imeingia, hiyo itupe. Ukiona bati la ndani la EL34 limekuwa jekundu kama kaa la moto, zima mara moja, usisubiri wimbo uishe. Lakini ukiona mwanga wa buluu umetanda kwenye kioo cha EL34, hiyo ni kawaida, na usimruhusu mtu akuuzie valvu mpya kwa sababu ya buluu. Mimi nimeshamwona fundi akifanya biashara hiyo mchana kweupe.

Na bei si ya mchezo. Valvu hizi siku hizi zinatengenezwa hasa Urusi, Slovakia na China. Kile kiwanda cha Mullard kule Blackburn, Uingereza, ambacho wazee wanakitaja kama wanataja marehemu mpendwa, kiliacha kuzitengeneza siku nyingi. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 bei zikapanda dunia nzima. Kwa mpiga gitaa anayelipwa kwa usiku mmoja, jozi ya EL34 ni kodi ya chumba. Kumwambia mtu huyo "badilisha valvu tuone" ni kubeti kwa pesa ya mwenzio.

Kwa ampu ya mzee walibeti mara mbili. Mara ya kwanza fundi alichomoa valvu zote, akaweka mpya, akaipiga kofi boksi, akaiwasha. Ikaunguruma vizuri. Akalipwa, akaondoka na zile za zamani, ambazo mimi naamini kabisa zilikuwa nzima. Baada ya wiki tatu sauti ikaanza tena kupotea. Mara ya pili ikawa vilevile. Hapo ndipo uamuzi ulipopitishwa: kama valvu ni mpya na sauti bado inapotea, basi tatizo ni mzee.

Mimi nilipiga second solo katika bendi nyingine ndogo, na fundi redio mmoja, Mungu amrehemu, alinifundisha kushika pasi ya kulehemia nikiwa darasa la saba. Si mhandisi. Niliposikia kwamba ampu imetupwa stoo inasubiri kuuzwa kama chuma chakavu, nilikwenda kuinunua. Meneja alicheka. Akaniambia, "Chukua bwana, lakini usije ukarudi kunidai."

Siku ya kwanza sikufungua hata skrubu moja. Nilibadilisha gitaa na waya wa gitaa, maana waya ndio mwizi wa kwanza siku zote. Nikabadilisha waya wa spika na spika yenyewe. Spika ya oumu 8 ukiipima kwa mita itakusomea kama sita au saba, na ukiigusisha betri ndogo ya volti moja na nusu itatoa mlio mdogo, "tap". Ile ilikuwa nzima. Valvu zote zilikuwa zinawaka, na hilo lenyewe halithibitishi kitu: fyuzi ya volti kubwa inaweza kuungua ampu ikaendelea kuwaka kama mji wa sikukuu bila kutoa hata mnong'ono, kwa sababu umeme wa kupasha valvu unapita njia nyingine. Yetu ilikuwa inatoa sauti, kwa hiyo fyuzi hiyo haikuwa na kesi. Nikazigonga valvu moja moja kwa kitako cha penseli, taratibu, nikisikiliza mikwaruzo. Kimya.

Kisha nikakaa, nikapiga, nikasubiri. Dakika arobaini. Sauti ikaanza kuzama, si kukatika, kuzama, kama mtu anayeondoka huku anazungumza. Nikapiga nyuzi zote sita kwa nguvu. Ikarudi yote!

Hapo nikasimama. Nadhani nilisema kitu kwa sauti, mke wangu akaja kuuliza kulikoni.

Kile ndicho alichokuwa anafanya mzee jukwaani. Hakuwa na hasira. Mkono wake ulikuwa umegundua, bila fundi, bila mita, kwamba sauti ikizama ukipiga kwa nguvu inarudi. Basi kila ilipozama aliipiga. Katikati ya solo laini, pale ambapo wimbo unataka ncha ya kidole tu, yeye ilibidi apige kama anagonga mlango wa polisi, kisha arudi kwenye ulaini kabla mpigo wa ngoma haujampita. Nyuzi zikawa zinakatika. Mwandishi wetu aliyaona yote hayo, akaandika "mkono umekuwa mzito". Mkono ule ulikuwa unafanya kazi mbili, ya mpiga gitaa na ya fundi, na ndio uliokuwa peke yake ukumbini uliojua tatizo liko wapi.

Kwa mtu aliyezoea vifaa, sauti inayozama taratibu na kurudi kwa kishindo ni kama kikohozi kwa daktari. Inaelekeza kwenye mguso mchafu: mahali ambapo chuma kinagusa chuma na katikati pameota utando. Sauti ndogo inashindwa kuuvuka ule utando, sauti kubwa inautoboa. Sasa chuma kinachogusa chuma kiko wapi? Kwenye soketi za valvu, ndiyo. Kwenye vidhibiti, ndiyo. Lakini ampu nyingi za kuanzia miaka ya 1980 zina sehemu nyingine ambayo hakuna anayeikumbuka: matundu mawili nyuma, la kutolea sauti kwenda kwenye efekti na la kuirudishia. Kama hujachomeka kitu humo, sauti inavuka kupitia ulimi mdogo wa bati ulioegemea bati lingine ndani ya tundu la kurudishia. Ulimi huo ni mwembamba kuliko kucha. Kila noti aliyopiga mzee kwa miaka ishirini ilipita juu ya ulimi huo, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuchomeka jeki pale. Na ndiyo sababu ukaharibika. Tundu la mbele linachomekwa na kuchomolewa kila siku, linajisugua lenyewe. La nyuma linakaa tu, na hewa ya chumvi ya Dar es Salaam inaingia inavyotaka.

Kulijaribu ni kazi ya dakika moja. Nilichomeka gitaa moja kwa moja kwenye tundu la kurudishia. Sauti ikatoka, ndogo kidogo kwa sababu imeruka ECC83 za mbele, lakini imara. Kwa hiyo nusu ya nyuma, pamoja na zile EL34 zilizobadilishwa mara mbili, ilikuwa haina kosa. Nikarudisha gitaa mbele, nikachukua waya mfupi wenye jeki pande zote mbili, nikaunganisha tundu la kutolea na la kurudishia, ili sauti isiuguse ulimi kabisa. Nikapiga masaa mawili. Haikuzama hata mara moja.

Nikauchomoa ule waya, nikitarajia ugonjwa urudi palepale nipate ushahidi. Haukurudi! Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ampu nzima kabisa. Niliingiwa na shaka mpaka nikakumbuka: kuchomeka na kuchomoa kumeshaukwangua ulimi. Siku ya nne, dakika ya hamsini na kitu, ikazama. Nikarudisha waya, ikakaa. Na hapo ndipo nilipoelewa yule fundi wa kwanza alivyolipwa. Kuhamisha boksi, kulipiga kofi, kulifungua na kulifunga kulitosha kuutikisa ulimi ukaguse vizuri kwa wiki tatu. Valvu mpya hazikuwa zimefanya lolote. Zilikuwepo tu wakati wa kupona, zikapewa sifa.

Kwa anayetaka kuondoka hapa na kwenda kufungua ampu ya baba yake, nasema kwa herufi kubwa kama ingewezekana: ndani ya hilo boksi mna umeme wa kuua, na unabaki humo hata ukishachomoa plagi. Zile kapasita kubwa zinatunza mamia ya volti. Kama hujui kuzimaliza umeme kwa rezista na kuhakikisha kwa mita, usifungue. Majaribio yote niliyoyataja mpaka hapa yanafanyika kwa nje, bila bisibisi. Na usiwashe ampu ya valvu ukapiga bila spika kuunganishwa, utaichoma transfoma ya kutokea, na hapo ndipo utakuwa na msiba wa kweli wa kuandikia. Vijana wanaangalia video mbili halafu wanaingiza mikono yote miwili. Mwalimu wangu aliweka mmoja mfukoni miaka yote, akafa kitandani kwake.

Mimi niliimaliza umeme, nikalifungua boksi, nikausafisha ulimi, nikauona umechoka, nikang'oa tundu zima nikalehemu jipya. Bei yake haikufika nauli ya bodaboda kutoka Kariakoo hadi kwangu. Nikiwa humo ndani nikazigusa upya lehemu mbili za soketi ya EL34 zilizokuwa zimepata ufa kwa sababu ya joto. Hizo zingeleta taabu siku za mbele.

Najua nitakavyojibiwa. Kwamba mimi ni fundi, naangalia skrubu, na makala ile ilikuwa ya fasihi. Kwamba ampu ni taswira. Sawa, tuzungumze fasihi. Taswira inayosimama juu ya uongo ni taswira mbovu, hata sentensi zake ziwe tamu kiasi gani. Ukiandika kwamba mti umekauka na mimi nimesimama chini yake nakula maembe, mmoja wetu ana tatizo la macho. Na uvivu huu umeenea katika karibu kila ninachosoma kuhusu dansi: "Ile sauti ya valvu", "lile joto la zamani", "siku zile". Hakuna anayesema sauti ile iliundwaje. Kanda za Radio Tanzania mnazozisifia kwa joto lake zilirekodiwa na mafundi mitambo waliojua kuweka maikrofoni, na zilipigwa na watu waliokuwa jukwaani karibu kila usiku wa wiki. Joto lile ni jasho, ndugu zangu, kabla halijawa valvu.

Kuna jambo jingine linalofunikwa na machozi hayo, nalo ni umiliki. Bendi zetu kubwa zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika jina kila chama kilipobadilika: JUWATA, OTTU, mpaka ikawa Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Mpango huo uliwapa wanamuziki mshahara, na katika miaka ile ya uhaba wa fedha za kigeni uliwapa vyombo ambavyo mtu mmoja asingeota kuviagiza. Nausifu bila aibu. Lakini ulitulea pia na tabia fulani. Chombo si chako. Unakikuta jukwaani, unakipiga, unakiacha. Kikiharibika unaripoti. Kukifungua ni kuharibu mali ya watu. Bendi za watu binafsi zimeurithi utaratibu huo bila kurithi mshahara. Yule mzee alipiga kwenye ampu moja miaka ishirini na hakuwahi kuruhusiwa kuigusa zaidi ya visu vyake vitano vya mbele. Alijua ugonjwa wake kwa vidole, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza vidole vinasemaje.

Kuhusu kile kiboksi cha kidijitali sina neno baya. Ni chepesi, hakiungui umeme ukipanda na kushuka, na kijana aliyenacho anapiga vizuri tu. Anayetaka kuachana na valvu kwa sababu ya uzito na bei, aachane nazo, mgongo ni wake. Ninachokataa ni mtu kufukuzwa kazi kwa hukumu iliyotolewa bila kipimo, halafu hukumu hiyo ikaandikwa kama tanzia na sisi tukaisoma kwa raha.

Nilikwenda kwa mzee nikamwambia. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwonyesha lile tundu bovu nililolitia kwenye mfuko wa plastiki. Aliligeuzageuza, akaingiza ncha ya kucha kwenye ulimi, akausukuma mara mbili tatu.

"Kwa hiyo ni hiki?"

"Ndiyo, mzee wangu."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniambia kwamba mwaka wa mwisho alikuwa ameanza kuamini wanayoyasema. Alikuwa anajipima nyumbani, anakunja vidole na kukunjua, asubuhi na jioni, akitafuta ugonjwa.

Nikaenda kwa meneja pia. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akasema, "Sasa nifanyeje? Kijana nimeshamwajiri." Yule mwandishi nilimwandikia ujumbe mrefu, nikamweleza tundu, ulimi, waya mfupi, siku ya nne, kila kitu. Alijibu kwa adabu. Alisema amefurahi kusikia ampu imepona, lakini makala ataiacha kama ilivyo, kwa sababu mwisho wake ungeharibika.